Je, Msichana Achague Mwenyewe au Achaguliwe?



Muhula uliopita wanafunzi wa zamani wa shule yetu walikutana hapa, na katika mkutano wao lilitolewa shauri jema. Walisema wachange fedha, na kwa fedha hizo zinunuliwe pedi, yaani taulo za kike, ili wasichana wote wa bweni wapewe bure. Shauri hilo lilipobandikwa ubaoni wavulana kadhaa walicheka, lakini sisi wasichana tulifurahi. Shule hii ilikuwa ya wavulana watupu kwa miaka mingi, na kuona kwamba wazee waliosoma hapa kabla yetu wanatukumbuka hata katika jambo kama hili, kwetu ni heshima kubwa. Nawashukuru kwa moyo wote.

Hata hivyo nina neno, na ni afadhali nilitoe sasa kabla fedha hazijatumika. Nionavyo mimi, msichana hasaidiwi sana kwa kuchaguliwa kitu na watu wasiokitumia. Husaidiwa kwa kufundishwa aina zote zilizopo, kwa kuulizwa ni ipi inayomfaa, na kwa kutengenezewa mahali pa kuitumia. Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Kitanda hiki twakilalia sisi.

Najua wako watakaoona kwamba hedhi si jambo la kuandikwa gazetini. Hao nawajibu kwa methali nyingine: Mficha uchi hazai. Hedhi si ugonjwa, si uchafu, wala si adhabu. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitengenezea utando wa kupokea mimba, na mimba isipoingia utando ule hutoka pamoja na damu, kwa muda wa siku 2 hadi 7. Jambo hili huanza msichana akiwa na umri wa miaka 12 au 13 hivi, wengine mapema na wengine baadaye, na huendelea mpaka karibu na umri wa miaka 50. Tumefundishwa haya katika somo la Biolojia, wavulana na wasichana pamoja, na katika mtihani kila mtu huyaandika bila kuona haya. Sioni kwa nini tuyaonee haya tukishatoka darasani.

Sasa nitoe mfano wa mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipokuwa Kidato cha Pili, wafadhili fulani walituletea maboksi ya pedi. Zote zilikuwa za aina moja na ukubwa mmoja, tena zilitiwa manukato. Wasichana ambao damu yao ni nyingi usiku waliamka na shuka zilizochafuka, na wengine waliwashwa na manukato yale, wakaacha kuzitumia. Muhula ulipokwisha maboksi nayo yalikwisha, na wafadhili hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata walikuja wengine, nao walileta pedi za kitambaa zinazofuliwa. Zilikuwa nzuri, zimeshonwa kwa ustadi. Lakini kamba ya kuanikia nguo za bweni letu iko kando ya uwanja wa mpira, na wavulana hupita hapo asubuhi na jioni. Hakuna aliyethubutu kuzianika juani. Zilianikwa chini ya magodoro na nyuma ya masanduku, zikakaa na unyevu, zikanuka, na mwishowe nyingi zikatupwa chooni. Wafadhili hao wote walikuwa na nia njema, ila hakuna aliyetuuliza hata swali moja.

Tena tufanye hesabu kidogo. Hedhi ya msichana ikiwa siku 5, naye akabadilisha pedi mara 4 kwa siku, atatumia pedi 20 kwa mwezi. Pakiti ya kawaida huwa na pedi 8 au 10. Basi yule anayepewa pakiti moja kwa mwezi amepata nusu tu ya haja yake, na nusu nyingine ataitafuta mwenyewe. Kwa muhula wa miezi 3 atahitaji pedi 60. Wasichana wakiwa 200, kwa mfano, watahitaji pedi 12,000 kwa muhula, na pedi 36,000 kwa mihula mitatu ya mwaka. Kaka zetu wanaofanya kazi benki watatuambia kama mchango wao utaweza kuubeba mzigo huo kila mwaka. Nami nauliza swali la pili: Zikishatumika pedi 36,000, zitatupwa wapi? Shule yetu haina tanuri la kuchomea taka za namna hii. Zitaingia katika mashimo ya vyoo, na plastiki iliyomo ndani yake haiozi. Shimo lililotazamiwa kutumika miaka mingi litajaa upesi.

Yafaa pia tujue vitu hivi vilitoka wapi, maana wengine hudhani vilikuwako tangu zamani. Bibi zetu walitumia vitambaa vikuukuu vya pamba, wakavifua na kuvitumia tena. Katika Vita Kuu ya kwanza wauguzi huko Ulaya waligundua kwamba bandeji zilizotengenezwa kwa nyuzi za mti, zilizokuwa za kufungia majeraha ya askari, zinafaa pia kwa hedhi. Vita vilipokwisha, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilianza kuziuza kwa jina la Kotex mwaka 1920. Wanawake waliona haya kuzitaja mbele ya wauzaji, hata madukani kukawekwa kisanduku ili mwanamke atie fedha, achukue pakiti na aende zake bila kusema neno. Tamponi yenye kifaa cha kuiingizia ilibuniwa na daktari Mmarekani, Earle Haas, aliyepewa hataza yake mwaka 1933. Mwaka 1937 Mmarekani mwingine, mwigizaji Leona Chalmers, alipewa hataza ya kikombe cha hedhi kilichotengenezwa kwa mpira. Kwa hiyo karibu aina zote tunazoziona leo kuwa ngeni zimekwisha kuwa na umri wa babu zetu. Haya ndiyo iliyozichelewesha kufika kwetu, pamoja na umaskini.

Sasa nizitaje moja moja, pamoja na faida na taabu zake.

Ya kwanza ni pedi ya kutupa. Faida yake ni urahisi: haihitaji kufuliwa, nayo yafaa sana kwa msichana aliye safarini au asiye na maji. Taabu yake ni fedha za kila mwezi, na mahali pa kuitupa. Hapa kwetu Uganda mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni pedi ziitwazo MakaPads, ambazo zilitengenezwa kwa mafunjo ya mabwawa yetu pamoja na karatasi zilizokwisha kutumika. Nalitaja jambo hili kwa fahari, maana lilionyesha kwamba si lazima kila kitu kitoke ng'ambo.

Ya pili ni pedi ya kitambaa inayofuliwa. Kampuni ya AFRIpads, iliyoanza mwaka 2010, ilishona pedi za namna hiyo karibu na Masaka, na pedi hizo huweza kutumika mwaka mzima au zaidi. Fedha huokolewa, na taka hupungua. Lakini zahitaji maji, sabuni, jua, na faragha ya kuzianika. Mahali pasipo na vitu hivyo vinne hazifai, hata zikitolewa bure.

Ya tatu ni tamponi. Wachache kwetu huijua. Huingizwa ndani ya uke, na yapasa ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 8. Anayeitumia lazima ajue sababu yake. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi waliugua ghafla, na baadhi yao walikufa, kwa sumu ya bakteria iliyohusishwa na tamponi zenye kunyonya damu nyingi mno. Tamponi za Rely za kampuni ya Procter & Gamble ziliondolewa madukani mwezi Septemba mwaka huo. Siku hizi ugonjwa huo ni nadra, lakini somo lake lingaliko: kitu cha kuingia mwilini kisitolewe bila maelezo.

Ya nne ni kikombe cha hedhi, ambacho siku hizi hutengenezwa kwa silikoni. Hukusanya damu badala ya kuinyonya. Chaweza kukaa ndani hadi saa 12, kisha humwagwa, huoshwa na kurudishwa, na hedhi ikiisha huchemshwa. Kimoja chaweza kutumika hata miaka 10. Wasichana wa shule za Siaya, magharibi mwa Kenya, walikijaribu katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016. Tena mwaka 2019 gazeti la Lancet Public Health lilichapisha kazi ya wataalamu waliokusanya tafiti 43, zenye washiriki 3,319, nao waliona kwamba kikombe ni salama. Taabu yake ni kwamba chahitaji mikono safi, sufuria ya kuchemshia, na uvumilivu wa miezi michache mpaka mtumiaji akizoee.

Basi kipi ni bora? Jibu langu ni kwamba hakuna kilicho bora kwa wote. Msichana wa kutwa anayetembea maili tatu kuja shule hana haja moja na yule wa bweni. Mcheza netiboli hana haja moja na mwenye maumivu makali anayelala kitandani. Yuko mwenye damu nyingi na mwenye damu kidogo. Hata msichana mmoja aweza kutaka pedi ya kufua akiwa nyumbani, na ya kutupa akiwa safarini. Wavulana hawavai viatu vya saizi moja, wala hakuna mfadhili ambaye angewaletea timu nzima ya mpira viatu vya namba 7 peke yake. Kwa nini sisi tufanyiwe hivyo?

Pamoja na kuchagua kuna kufundishwa, maana asiyejua hawezi kuchagua. Katika wilaya ya Kamuli, mashariki mwa nchi yetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016. Walichukua shule 8 wakazigawa mafungu manne. Fungu la kwanza walipewa pedi za kufua, la pili walifundishwa mambo ya kubalehe, la tatu walipata yote mawili, na la nne hawakupata kitu. Mwishowe mahudhurio ya fungu lile lisilopata kitu yalikuwa mabaya kuliko ya mafungu mengine, kwa kiasi cha asilimia 17. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wale waliofundishwa tu, bila kupewa pedi, hawakuachwa nyuma na wale waliopewa. Shule 8 si nyingi, wala sisemi kwamba mambo yamekwisha hapo. Lakini uchunguzi huo watuonya tusidhani kwamba boksi peke yake litafanya kazi yote.

Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kweli, serikali ina wajibu. Katika kampeni za mwaka 2015 Rais Yoweri Museveni aliahidi kwamba wasichana wa shule watapewa pedi. Mwezi Februari 2017 Waziri wa Elimu, Mama Janet Museveni, aliliambia Bunge kwamba fedha za kazi hiyo hazimo katika bajeti. Majirani zetu nao wamejaribu kwa njia zao. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kuwapa pedi bure wasichana wa shule za serikali. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019, kwa sababu serikali iliona wafanyabiashara hawakushusha bei. Rwanda iliiondoa mwezi Desemba 2019. Tena katika shule nyingi za huko kuna chumba cha msichana, chenye maji, pedi, na kitanda cha kupumzikia. Mbali zaidi, Uskochi ilipitisha sheria mwaka 2020, iliyoanza kazi tarehe 15 Agosti 2022, kwamba vitu hivi vitolewe bure kwa kila anayevihitaji. Lililonipendeza katika sheria hiyo ni kwamba haisemi vitolewe tu, bali yataka vitolewe kwa njia ya heshima, na ziwepo aina mbalimbali za kuchagua. Ikiwa sheria ya nchi yaweza kutaja kuchagua, kamati ya shule moja yashindwaje?

Nimesikia pia hoja tatu dhidi ya maneno yangu, nami nitazijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba maskini hachagui, apokee anachopewa. Mimi naona maskini ndiye hasa apaswaye kuchagua, maana hana fedha ya kununua kingine kile alichopewa kikimshinda. Pedi mia zisizotumika ni ghali kuliko hamsini zinazotumika.

Hoja ya pili hutoka kwa wazazi. Wako wasiopenda binti zao watumie tamponi au kikombe, kwa kuhofia ubikira. Waganga husema kwamba mwanamke hupoteza ubikira kwa kukutana na mwanamume, si kwa kutumia kikombe. Lakini mzazi na binti wakisema hawataki, basi, wasilazimishwe. Kuchagua ni pamoja na kukataa. Nisemalo ni kwamba asiyetaka asimzuie mwenziwe kupata habari.

Hoja ya tatu ni ya wavulana wenzetu. Husema, "Hayo ni mambo yenu, yatuhusu nini?" Ndugu zangu, yanawahusu kwa kuwa kicheko chenu ni sababu moja iliyotufanya tuanike vitambaa chini ya magodoro. Msichana anayechafuka nguo akichekwa, mwezi ujao hukaa nyumbani. Mvulana akimpa sweta ajifunge kiunoni, wala asiseme neno, amefanya kazi ambayo hakuna mfadhili awezaye kuifanya. Tena siku moja mtakuwa waume na baba wa mabinti. Afadhali mjifunze sasa.

Basi kwa wanafunzi wa zamani, na kwa kamati yetu, nashauri mambo manne.

Kwanza, kabla ya kununua chochote, mwalimu mlezi wa wasichana atupe karatasi tuandike, bila majina, tunatumia nini, tungependa nini, na tunazuiwa na nini. Kazi hiyo haihitaji fedha, na yaweza kwisha kwa jioni moja.

Pili, sehemu ya kwanza ya mchango itumike kwa mambo yasiyokwisha kwa muhula mmoja: milango yenye makomeo katika vyoo vya wasichana, bomba la maji ndani ya bafu, ndoo zenye vifuniko, tanuri dogo la kuchomea taka, na ua wa kuanikia nguo mahali penye jua pasipoonekana na wapita njia. Ukuta na bomba vitawafaa hata wadogo zetu watakaokuja baada yetu.

Tatu, fedha zitakazobaki zinunue aina mbalimbali, kila msichana aandikishe anayoitaka. Pedi za kutupa ziwepo daima katika ofisi ya mwalimu mlezi kwa ajili ya anayeshtukiwa na hedhi darasani, naye azipate bila kuulizwa maswali mbele za watu.

Nne, muuguzi aje atufundishe, wavulana na wasichana pamoja, kisha wasichana peke yao ili waulize wasiyoweza kuyauliza mbele ya kaka zao. Siku ifaayo ni tarehe 28 Mei, ambayo tangu mwaka 2014 huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Usafi wa Hedhi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu mzunguko wa hedhi huwa kwa wastani siku 28, na hedhi yenyewe siku 5, nao Mei ni mwezi wa tano.

Sikusema haya kwa kudharau ukarimu wa mtu. Anayetoa fedha yake kwa ajili ya watoto asiowajua ametenda wema. Lakini wema ukiongozwa na swali hufika mbali kuliko wema wa kukisia, na kuuliza si ujinga. Karatasi, kalamu na jioni moja tu: hayo ndiyo tunayoyaomba kabla ya kitu kingine chochote.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine, mvulana au msichana, mwanafunzi wa leo au wa zamani, na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Msichana wa Kidato cha Tano